Jua la Mwezini ni la Kugawana

Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India, Vikram, kilitua upande wa kusini wa Mwezi. Kwa muda usiozidi wiki mbili, chenyewe na kigari chake Pragyan vilifanya kazi kwa umeme wa jua. Usiku ulipokaribia vikalazwa. Kulipokucha havikuamka tena.

Usiku wa Mwezini huchukua karibu wiki mbili za huku kwetu, na baridi hupita nyuzi 100 chini ya sifuri. Betri za kuvusha kituo cha watu katika giza hilo ni mzigo mzito mno kwa roketi. Hiyo ni sababu mojawapo ya mataifa kuikimbilia ncha ya kusini. Mhimili wa Mwezi umeinama nyuzi 1.5 tu, hivyo huko jua halipandi utosini. Linazunguka likiambaa upeo wa macho. Kwenye vilele kadhaa, vikiwemo vya ukingo wa kreta ya Shackleton, huonekana sehemu kubwa ya mwaka. Paneli za huko hubuniwa zisimame wima juu ya mlingoti, zikigeuka kulifuata.

Toleo hili linachambua mitambo hiyo. Msimamo wetu ni kwamba mitambo pekee haitoshi. Vilele hivyo ni vichache na vyembamba, na hakuna hata kimoja kisichoingia kivulini. Kimoja kikiwa gizani, kingine kilomita chache kando yake huenda kiko juani. Anayetaka umeme wa jua usiokatika lazima aunganishe vilele kadhaa kwa nyaya. Tena kwa kuwa jua liko chini, vivuli ni virefu mno: mlingoti wa jirani ukisimikwa ovyo, unakuzibia umeme wako.

Mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha Mwezi, lakini haupangi nani asimike mlingoti wapi. Marekani na washirika wake wana mpango wao, China na Urusi wana wao. Kila upande ukijijengea gridi yake, wote watabaki na umeme wa vipindi.

Kenya na Rwanda zimo katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu, ambayo huamua kwa maafikiano. Zidai sasa kanuni za kupanga milingoti na gridi ya pamoja, kabla vilele havijawahiwa. Aliyekwisha kukaa juani hahamishwi kwa hotuba.