Betri Imechoka, Bei Haijachoka

Anayemuuzia mkulima wa Kisaki gari la umeme la Nissan Leaf la mwaka 2011 bila kumwonyesha afya ya betri anamwibia, tena mchana kweupe. Nimetafuta neno la upole zaidi nikalikosa.

Wimbo wa madalali naujua. Wanasema umeme sasa ni wetu, Bwawa la Julius Nyerere liko hapo Rufiji, mashine 9, megawati 2,115, petroli ya nini tena? Uniti moja ya LUKU ni kama shilingi 356, kwa hiyo kujaza betri ya uniti 24 hakuzidi sana shilingi 9,000. Hesabu ni ya kweli, na ndiyo maana inawanasa watu wenye akili timamu, walimu na wauza ufuta waliojibana misimu mitatu kupata hela ya gari. Kinachofichwa ni kwamba hizo uniti 24 zilikuwamo siku gari lilipotoka kiwandani Japani. Leo zimebaki ngapi? Hapo dalali anabadilisha mazungumzo, anakufungulia buti na kukuonyesha viti.

Leaf ya 2011 ikiwa mpya kabisa, mamlaka ya mazingira ya Marekani iliipima ikapata kilomita 117 kwa chaji moja. Kutoka Morogoro mjini hadi Kisaki, kupitia Matombo na Mvuha, ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mawe na miinuko, na masika ni tope. Gari jipya lingefika likihema. Lililochoka je? Kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vya uzima wa betri. Cha kwanza hakizimiki mpaka betri imepoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Vikibaki 8, theluthi ya betri imeshakwenda, na zile kilomita 117 zimeshuka chini ya 80. Hapo unalala njiani na familia yako, mchana umekwisha, na huna wa kukuchajia.

Joto nalo lina deni lake. Betri ya Leaf hiyo haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea hewa tu. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Phoenix, jimbo la Arizona, walilalamika kwamba vijiti vinapukutika kabla ya wakati. Kesi ikafunguliwa, na Nissan ikatoa dhamana ya miaka 5 au maili 60,000 kwamba vijiti havitashuka chini ya 9. Mmarekani alipigania haki yake akaipata. Dhamana hiyo haikupanda meli kuja bandari ya Dar es Salaam, na joto la bonde la Kisaki halimjui mtu.

Nililiona gari moja la aina hiyo kwenye yadi mjini Morogoro. Dashibodi ilikuwa na vijiti vyote 12, vinang'aa. Nikachomeka kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, nikafungua programu ya LeafSpy kwenye simu, tukaelekea Bigwa na kupanda Kigurunyembe. Programu hiyo inaonyesha jozi 96 za seli, moja moja, kama safu ya nguzo zilizosimama. Kwenye tambarare zililingana. Nilipokanyaga mafuta mlimani (ulimi umezoea, mafuta hayamo), nguzo mbili zikazama mbele ya macho yetu na nyingine zikabaki juu. Muuzaji akanyamaza. Kumbukumbu ya kompyuta inaweza kufutwa, vijiti vikarudi 12, mnunuzi akalipa, kisha wiki chache baadaye vikaanza kuzimika kimoja baada ya kingine. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ameshakufa.

Seli hizo zimeungwa kwa mfululizo, hivyo jozi dhaifu ndiyo inayoamua safari. Ikiishiwa, taa yenye picha ya kobe inawaka na gari linatambaa, hata kama wenzake 95 bado wana nguvu. Fundi aliyesomea hubadilisha moduli mbovu tu kati ya 48 zinazounda betri, mambo yakaendelea. Yuko wapi fundi huyo? Mafundi wetu wa Msamvu ni hodari kwa IST na Noah, siwadharau hata kidogo, ila betri hii ina volti karibu 400, na anayeshika nyaya za rangi ya chungwa bila mafunzo na glavu maalumu anaweza kufa pale pale. Tena kuna betri ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa. Ikifa, gari zima haliamki hata kama ile kubwa imejaa, na fundi asiyejua atakutangazia msiba wa mamilioni.

Betri nzima mpya, mwaka 2014, Nissan iliiuza Marekani kwa dola 5,499, tena ukirudisha ya zamani. Japani, mwaka 2018, kiwanda cha Namie kilianza kuzifufua zilizotumika kwa yen 300,000. Mjapani ana pa kwenda. Wa Kisaki anaachiwa bati la kufugia kuku.

Mimi siupingi umeme. Nairobi, NopiaRide ilianza teksi za Leaf mwaka 2018, safari za mjini, na vituo vyake vya kuchajia. Matumizi hayo yanalifaa gari hilo. Ninachokataa ni kumtwika mkulima mzigo ambao muuzaji anaujua na kuuficha.

TRA inajua kutoza ushuru wa uchakavu kwa umri wa gari. Basi TBS nayo idai cheti cha afya ya betri, kilichopimwa betri ikifanya kazi nzito, kabla gari halijatoka bandarini, na kiandikwe kwenye tangazo la bei. Ulaya, kuanzia Februari 2027, kila betri mpya ya gari la umeme itakuwa na pasi yake ya kidijitali. Tume ya Ushindani imshike anayefuta kumbukumbu kama inavyomshika muuza bidhaa bandia. VETA Kihonda ipewe vifaa ifundishe vijana volti hizi kubwa. Wabunge wa Morogoro wana kikao cha bajeti Dodoma kila mwaka, Aprili hadi Juni. Kijacho waingie na hoja hii mkononi, na sisi wapiga kura tuwaulize waliisema siku gani.