Chupa tupu: Soko jipya litalipa nguvu, si uzito

WAKUSANYAJI wa chupa tupu za maji wamezoea kuuza kwa kilo, na mara nyingi mnunuzi hutazama mzani tu. Teknolojia ya kuimarisha plastiki kwa nyuzi za plastiki ileile inaweza kubadili mazoea hayo.

Chupa hizo ni poliesta, sawa na nyuzi za kitambaa cha shati. Kwa miaka mingi vyombo vinavyohitaji nguvu, kama boti, vimeimarishwa kwa nyuzi za kioo, yaani faiba. Ni imara, lakini boti ikichakaa ni taka, kwani kutenganisha kioo na plastiki ni kazi ghali. Nyuzi na plastiki inayozishika zikiwa kitu kimoja, chombo huyeyushwa upya.

Njia hiyo iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, miaka ya 1990. Mwaka 2008 kampuni ya Samsonite ilitoa sanduku la safari la aina hiyo, kwa kutumia polipropilini, plastiki ya magunia ya viroba.

Kwa poliesta, nyuzi ngumu huchanganywa na nyingine zinazoyeyuka mapema, kisha hubanwa kwenye mashine yenye joto. Nyuzi ngumu huyeyuka karibu sentigredi 250. Moto ukizidi, hulegea na nguvu hupotea. Ukipungua, tabaka hazishikani.

Ndiyo maana vipimo ni lazima. Kipande kimoja huvutwa mpaka kikatike, kingine hupindwa, kingine huangushiwa uzito. Poliesta hii hupinda kwa urahisi kuliko faiba, hivyo haifai kila mahali. Hata hivyo, ni nyepesi na huhimili kishindo bila kusambaratika.

Hapo ndipo mkusanyaji anapoingia. Poliesta yenye unyevu ikiyeyushwa, maji huidhoofisha. Plastiki ya mabomba ikichanganyika nayo, huungua mapema na kuharibu mzigo mzima. Kiwanda kinachopimwa kwa nguvu ya bidhaa hakiwezi kupokea mzigo wa namna hiyo.

Kwa hiyo vikundi vya wakusanyaji vianze sasa kutenganisha chupa, kuondoa vizibo, kuosha na kukausha. Aidha, vidai bei kwa madaraja, kama wakulima wa pamba wanavyofanya. Anayeleta mzigo safi asilipwe sawa na anayeleta mchanganyiko.