Kuta za Plastiki: Cheti cha Moto Kiko Wapi?

Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024 ilipofanyika, watazamaji walikalia maelfu ya viti vilivyotengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa. Sifa zikamiminika, na zilistahili. Lakini sasa paneli za plastiki ya aina hiyo zinanadiwa kwa kuta za madarasa, hoteli na mabweni, na wapo wasanifu wanaozipokea kwa sababu moja tu: zimetokana na taka. Sababu hiyo haitoshi.

Watetezi wanasema mchwa hawazili, maji hayaziozeshi, na kila paneli hupunguza takataka mitaroni. Ni kweli.

Ila haziponi moto. Chukua kipande kilichokandamizwa kwa vifuniko vya chupa, madoa ya buluu na mekundu yangali yanaonekana. Kisogezee kiberiti. Hakishiki mara moja. Kwanza kinalainika, halafu kinadondosha matone yanayowaka, kikinuka kama mshumaa uliozimwa. Harufu hiyo ina maana yake, kwani vifuniko hivyo mara nyingi ni vya polithini, na polithini na nta ya mshumaa ni watoto wa mafuta ya petroli. Kilo moja ya polithini ikiungua hutoa joto la megajuli 46 hivi, zaidi ya mara mbili ya kilo ya mbao kavu. Moshi nao hujaa chumbani, na waliolala ndio wa kwanza kuuvuta.

London inalijua hili. Tarehe 14 Juni 2017 watu 72 walikufa kwa moto wa jengo la Grenfell, ulioenezwa na paneli za alumini zenye polithini katikati. Zile zilikuwa za nje na hazikuuzwa kama plastiki ya kurejelezwa, lakini polithini ikirejelezwa inabaki polithini.

Tunaambiwa dawa ya kuzuia moto itaongezwa. Ipi? Plastiki chakavu ya vifaa vya umeme tayari hubeba dawa za bromini, na baadhi yake zimepigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu zinazodumu. Anayeuza ukuta bila majibu ya maabara anauza ahadi tu, na ahadi haizimi moto!

Plastiki ina kazi nyingine nzuri. Kampuni ya Gjenge Makers ya Nairobi huichanganya na mchanga ikafyatua matofali ya kutandika njiani, mahali ambapo halali mtu.

Bwenini watu hulala, na moto huua: Septemba 2024, wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, walikufa kwa moto wa bweni. Mzazi anayeonyeshwa bweni jipya lenye kuta za plastiki aombe cheti cha kipimo cha moto. Akikikosa, arudi na mwanawe nyumbani.