Goli Limepinda, Sawa. Mkono wa Kushoto Je?

Pembeni mwa kiwanja chochote cha kikapu Dar es Salaam hawakosekani watu wenye sababu za kutoingia kucheza, au za kucheza vilevile mwaka hadi mwaka. Sababu zenyewe ni zilezile, na nyingi hazina mashiko.

"Mtaani kwetu hakuna goli." Hii ndiyo inayotajwa zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Kudunda, kupasi, kugeukia mguu mmoja, kusimama ghafla bila kutembea na mpira, kuinama na kukaba: hayo yote yanataka sakafu ngumu ya upana wa mikeka miwili. Hata mtupo wenyewe hausubiri goli. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45, mpira wa wanaume una kama 24. Mpira ukishuka umelala, chini ya digrii 32 hivi, hauna namna ya kupita bila kugonga chuma. Wengi wanaolia kwamba wamekosa "kidogo tu" hawana mkosi. Mpira wao unakwenda bapa.

Dawa yake ipo chumbani. Lala chali, weka mpira kwenye kiganja cha mkono unaopigia, mkono wa pili uache pembeni. Sukuma mpira juu, vidole vya shahada na kati viwe vya mwisho kuugusa, uzunguke kwa nyuma. Ukirudi kiganjani bila wewe kuufuata, umenyooka. Ukikuangukia sikioni, tazama kiwiko, huenda kimetoka nje. Ukipata mwenzako, fungeni kamba ya nguo mita moja juu ya usawa wa mlango wa kawaida, ambao ni kama mita mbili. Hapo mko karibu kabisa na mita 3.05 za ringi. Rushianeni juu ya kamba, mpira uangukie mikononi mwa mwenzako bila yeye kusogea.

Wenye goli nao wana lao: limepinda, halina nyavu. Hapo wana haki kiasi. Ringi iliyoinama mbele hudanganya mtu anayepiga kutoka mbali. Basi usipige kutoka mbali. Sogea hatua mbili tatu, tumia ubao, fanya leyapu za kulia na kushoto. Kwenye mechi za mtaani pointi nyingi hupotea hapo chini ya goli, ingawa kila mtu anafanya mazoezi ya pointi tatu.

"Mpira wangu ni wa bei rahisi." Afadhali. Mpira wa ngozi umetengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa ndani. Kwenye saruji unachubuka upesi, wakati ule wa raba unavumilia. Angalia upepo tu: ukiuachia kutoka usawa wa kichwa cha mtu mzima, urudi kiunoni au juu kidogo. Kuhusu viatu sina ubishi mrefu. Raba isiyoteleza inatosha, ndala hapana.

"Mimi mfupi." Muggsy Bogues alikuwa na sentimita 160 na alicheza NBA misimu 14. Urefu unasaidia, nani atakataa, lakini huyo anayekunyang'anya mpira kila Jumamosi hakuzidi urefu. Amekuona hudundi kwa kushoto.

"Nimechelewa." Hapa watu hupenda kumjibu mtu kwa jina la Hasheem Thabeet, aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15 na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, na Memphis Grizzlies. Ni kweli, ila yule ana sentimita 221. Kwa mchezaji wa jioni ni mfano mbovu. Bora Hakeem Olajuwon wa Lagos, nyota wa zamani wa NBA, si kwa urefu bali kwa miguu. Naye alianza akiwa na miaka kama 15, akitokea kwenye soka na mpira wa mikono, na miguu yake myepesi aliitoa huko. Aliyekulia kwenye chandimu anaingia uwanjani na miguu tayari. Kinachobaki ni mikono.

Wa mwisho ni wale wasemao, "Mazoezi ya nini? Cheza mechi tu, utajua." Tupige hesabu. Mechi kamili ni dakika 40, wachezaji kumi, mpira mmoja: kwa mgawo wa haki kila mtu ana dakika nne, na mtaani mgawo hauna haki, mpira unakwenda kwa fundi. Katika hizo chache ulizopata, nani atathubutu kujaribu mkono asiouamini huku wenzake wakimfokea? Kwa hiyo mkono huo haukui. Robo saa ya kudunda uani kwa kushoto, macho yakiwa juu ukisoma namba za pikipiki zinazopita, inauzidi msimu mzima wa mechi hizo. Na siku ya mechi, ombeni mcheze watatu kwa watatu, goli moja. Mpira utakufikia.