Maharage Yanapotutega Hotelini



Sisi tuliokulia Mwakiro, upande wa Muyinga, nani atatufundisha maharage? Tumeyala mchana, tumeyala usiku, na yaliyobaki tumeyapasha moto asubuhi kabla ya shule. Kwa hiyo dada yetu mmoja anayeishi Marekani alipotusimulia yaliyomkuta na wanawe, tulishangaa kwamba kilichowatega ni maharage, si nyama.

Familia ilikwenda kula kwenye mkahawa wa Kimexico. Baba akaziogopa nyama zote, wakaagiza maharage ya kupondwa, wali na chapati za mahindi. Watoto wakafurahi, chakula kama cha nyumbani! Sahani zilipokaribia kwisha, mtoto wa miaka tisa akamwuliza mhudumu mbona maharage ni matamu hivi. Akajibiwa kwa tabasamu kuwa yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mama akaanza kulia pale pale mezani.

Aliyekula bila kujua hana dhambi, hilo tulimwambia. Wala mhudumu hakukosa. Kwa desturi ya Mexico maharage hayo hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, wenyewe huyaita manteca, kama mama zetu wanavyounga kwa mawese. Tamales, yaani unga wa mahindi unaofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, hukandwa nayo pia. Na ile nyama inayozunguka kwenye chuma, tacos al pastor, inafanana na shawarma kwa sababu asili yake ni shawarma, iliyofika Mexico na wahamiaji kutoka Lebanon. Lakini huko kwa kawaida ni nguruwe. Wanafunzi mnaokwenda kusoma nje, lishikeni hilo.

Baadhi ya wazee wetu waliposikia kisa hiki walisema dawa ni kutoingia kabisa. Hatukubaliani nao. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilipokea maelfu ya Warundi waliokuwa wakimbizi Tanzania tangu 1972, na watoto wao wanasoma darasa moja na watoto wa Kimexico. Wakialikwa, wakatae kila siku? Tena mikahawa hii mingi ni ya familia hasa, babu kwa mjukuu meza moja. El Cholo ya Los Angeles ilianza mwaka 1923, Mi Tierra ya San Antonio ilianza na meza tatu mwaka 1941, na zote zimerithiwa ndani ya familia zilizozianzisha. Nyumba ya namna hiyo mpishi anakijua kila kilichomo chunguni. Ukimwuliza atakuambia.

Na vyakula vyenyewe si vigeni kwetu. Mahindi tunayosongea ugali asili yake ni Mexico. Wao nao sukari huiita azúcar, neno lile lile la Kiarabu tulilolichukua sisi. Katika Ramadhani ya mwaka 2017, huko Santa Ana, California, Waislamu na majirani zao Walatino walianza kupeleka magari ya taco za halali misikitini.

Basi tatizo ni haya ya kuuliza. Uliza kabla ya kuagiza: haya yamekaangwa kwa mafuta gani, wali umepikwa kwa supu ya nini? Majiko mengi siku hizi hutumia mafuta ya mimea, mengine hayatumii, na kwa macho huwezi kujua. (Tusiwacheke wa Marekani. Hapa kwetu tukimwona mwenye kofia amekaa kwenye mishikaki, nasi tunakaa. Nani aliuliza nani kachinja, au kama chuma kile kile kimechoma nguruwe wa meza ya pili yenye bia?)

Kilichotuuma zaidi ni kwamba baba alimgombeza yule mtoto njiani, eti amewaaibisha kwa maswali. Kwa maoni yetu mtoto alifanya kazi ya baba, ila aliichelewesha hadi sahani zilipokaribia kwisha. Dada anasema mwezi uliofuata walikwenda mkahawa mwingine. Safari hii mtoto akatangulia hadi dirisha la jikoni, akauliza, akarudi mbio: mafuta ya mahindi! Alikula sahani mbili.