Mkali wa hesabu hajakosea Kiswahili

Kijana akisema fulani ni mkali wa hesabu, hakosekani mtu wa kulalamika kwamba lugha inaharibiwa. Ukali, huambiwa, ni wa simba, wa pilipili na wa mwalimu mwenye fimbo. Lakini kisu kikali hatukiiti hivyo kwa sababu kinaumiza. Tunakiita hivyo kwa sababu kinakata, yaani kinaiweza kazi yake. Kisu butu nacho huumiza, na hakuna anayekisifu. Wahenga waliosema ukali wa jicho washinda wembe walikwisha kuutoa ukali kwenye chuma wakampa mwenye kuona. Tunanoa visu, tunanoa bongo, na timu hujinoa kabla ya mechi. Aliyenoleka tumwite nani kama si mkali? Hata upande wa kutaka neno limo: kiu kali, njaa kali, hamu kali. Humo hamna hasira hata chembe, mna nguvu ya haja tu.

Hoja nzito ya wapinzani ni utata: mwalimu mkali ni mchapaji au mjuzi? Sarufi imeshajibu. Mwalimu mkali, basi, ni habari ya tabia yake. Mkali wa fizikia ni habari ya ujuzi wake, na kile kihusishi “wa” ndicho kinachotenga maana hizo mbili. Wimbo mkali hauna haja hata ya “wa”, kwa kuwa wimbo haugombezi mtu. Wengine husema maneno ya mitaani hayadumu. Watazame Kenya, ambako mafundi waliofua vyuma bila paa waliitwa watu wa jua kali. Mwaka 1992 serikali iliandika jina hilo katika waraka wake wa sera ya biashara ndogo. Ninalokubaliana nao ni moja: mtangazaji anayeita kila wimbo mkali hulifanya neno butu, na siku wimbo mzuri kweli ukija hana la kuusifia. Hilo ni kosa la msifu, si la neno.

Kwa hiyo walimu wa Kiswahili, mwanafunzi akiandika kwenye insha kwamba dada yake ni mkali wa hesabu, msimkate alama. Mwulizeni tu dada huyo amefanya nini hata akastahili sifa hiyo, naye aandike.