Weka Karatasi Chini, Sema na Watu

Nasimamia klabu ya midahalo katika shule ya sekondari, na jambo moja linaniuma: tunawafundisha watoto kuandika hotuba, hatuwafundishi kuitoa. Mwanafunzi anapanda jukwaani, karatasi inatetemeka mkononi, anataja wageni waalikwa mmoja mmoja hadi pumzi inamwishia kabla hajaifikia hoja yenyewe.

Mimi huwapeleka uwanjani baada ya vipindi. Msemaji anasimama goli hili, mimi goli la pili, bila kipaza sauti. Sentensi ya kwanza na ya mwisho amezikariri. Katikati ana hoja tatu tu kichwani. Akianza kukimbiza maneno namwinulia mkono: vuta pumzi, tulia, niangalie. Kunyamaza kidogo baada ya hoja nzito ndiko kunakowashinda wengi, maana ukimya huo msemaji huuona mrefu kuliko wanavyouona wasikilizaji.

Sikilizeni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995, pale Mbeya. Anauliza swali, anawaacha watu wacheke, ndipo anaendelea. Alifundisha darasani kabla ya kuongoza nchi, na kwangu mimi ile ni mbinu ya darasani kabisa.

Walimu wenzangu, nanyi wazazi, msiishie kumwambia mtoto “usiogope”. Hofu haiondoki kwa kuamriwa. Mpeni nafasi asimame, iwe kwenye kikao cha wazazi au sherehe ya familia, atoe neno la dakika mbili, na msimkatize.